Mtawanyiko na Uhamisho: Njia Mbili za Kukichunguza Kiini cha Atomu

Katika mtawanyiko nyumbufu, chembe inayorushwa hupindishwa njia bila kukibadili kiini. Pembe zake hudhihirisha ukubwa wa kiini na nguvu zinazokizunguka. Katika mmenyuko wa uhamisho, deuteroni huacha nyutroni ndani ya kiini, na protoni huendelea na safari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, S. T. Butler alionesha kuwa pembe za protoni hiyo hutambulisha obiti iliyoipokea nyutroni. Ndivyo ilivyothibitika kwamba nyutroni ya mwisho ya beriliamu-11 hukaa katika obiti isiyotarajiwa na modeli ya matabaka.

Hata hivyo, hesabu za uhamisho hutegemea vipimo vya mtawanyiko. Kwa hiyo, mpango wa utafiti unaogharimia mashine pekee, bila wanafizikia wa nadharia, huzalisha data zisizo na tafsiri.