Hati za Usalama wa Vyombo vya Majini

Huenda msomaji wa Kakamega akauliza, "Sheria za meli zanihusu nini?" Lakini Kisumu si mbali, na wengi huabiri vyombo vya Ziwa Victoria. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa.

Mwaka 2009 Kenya ilitunga Sheria ya Meli mpya mahali pa ile ya 1967. Vyombo na vifaa vyake vya kuokolea hukaguliwa, kisha hupewa hati yenye muda maalumu. Muda ukiisha hukaguliwa tena, kwani jaketi la kuokoa maisha likikaa juani huchakaa, na mikanda yake hukatika.

Basi, abiria, kabla ya kung'oa nanga, livae jaketi lako na kulifunga barabara. Hati peke yake haimwelezi mtu majini.