Kiswahili kama Njia ya Masomo na Kazi Ng'ambo

Mnamo Septemba 1959, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege kuelekea Marekani, katika safari iliyoandaliwa na Tom Mboya pamoja na wafadhili wa Kimarekani. Kenya haikuwa bado na chuo kikuu chake. Hivyo nafasi ya kusoma ilitegemea ukarimu wa vyuo vya ugenini na michango ya nauli. Mwanafunzi alikwenda kupokea.

Tangu hapo imezuka njia nyingine, ambayo kwayo msafiri huwa pia mtoaji. Chini ya mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa ufundishaji wa lugha, wahitimu kutoka Kenya wamekuwa wakipelekwa katika vyuo vikuu vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, yaani miezi 9 hivi, ili wafundishe Kiswahili na wakati huohuo wasome kozi kadhaa. Mpango huo hautoi shahada. Lakini huunganisha masomo na kazi, na kinachomvusha mtu bahari ni lugha yenyewe.

Hata hivyo, kuijua lugha si sawa na kuweza kuieleza. Mathalani, mzawa wa Kiswahili husema "Rafiki yangu amefika" bila kufikiri. Mwanafunzi wa kigeni atauliza: ikiwa husemwa "rafiki yangu" kama "nyumba yangu", mbona kitenzi si "imefika"? Na mbona husemwa "mbwa wangu"? Jibu ni kwamba nomino za viumbe hai hufuata upatanisho wa A-WA, ilhali baadhi ya nomino za jamaa na usuhuba hubakia na vimilikishi vya I-ZI. Asiyefunzwa kuyaeleza hayo atajibu kwamba ndivyo isemwavyo, na jibu hilo halimfundishi mtu.

Idadi ya nafasi, basi, huamuliwa na wafadhili, lakini idadi ya wanaozistahiki huamuliwa na idara za lugha nyumbani. Pale ambapo ufundishaji wa Kiswahili kwa wageni si somo kamili lenye mazoezi yake, nafasi huelekea kuwaangukia wachache waliobahatika kukutana na wanafunzi wa kigeni, aghalabu mijini na pwani. Kulifanya somo hilo kuwa sehemu ya shahada ya kwanza katika kila idara ndiko kutakakompa aliyesomea mbali na miji hiyo nafasi sawa na wenziwe.