Mtoto wa Nakuru Aliyetoboa Siri Yake

Tarehe 18 Januari, 2014, siku alipotimiza umri wa miaka 43, mwandishi Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, aliutangazia ulimwengu ya kwamba yeye ni mwanamume apendaye wanaume. Wakenya wenye jina kubwa waliokuwa wamethubutu kusema hivyo hadharani, tena kwa kinywa chao wenyewe, walikuwa wachache mno. Habari zikavuma. Redioni watu wakapiga simu, vinyozi wakaacha nyembe wakabishana, na magazeti ya ng'ambo nayo yakayadaka maneno hayo.

Huenda msomaji wetu wa Mombasa, Malindi au Lamu akauliza, yatuhusu nini sisi mambo ya bara? Yatuhusu. Jambo lenyewe si geni pwani. Kila mtaa una mtu anayenong'onwa, na mara nyingi mtu huyo hualikwa arusini, hupewa kiti, huliwa naye biriani, na hapana amwulizaye. Kwetu kuna sitara. Hata Surat Al-Hujurat inatukataza kupelelezana na kusengenyana. Lililo geni ni kule kusimama mtu akasema. (Na neno ambalo magazeti hulitumia kwa watu hao, shoga, kwa wanawake wa Mji wa Kale lingali na maana yake ya zamani: rafiki wa kike, wala hapana ubaya wowote ndani yake.)

Msimamo wa dini juu ya tendo lenyewe unajulikana, na ukurasa huu haukukusudiwa kuujadili. Tutakalo kulitazama leo ni swali la riziki. Mtu wa kuajiriwa akisema kama alivyosema Binyavanga, Jumatatu atarudi kazini?

Tumwangalie kwanza Binyavanga mwenyewe. Alizaliwa mwaka wa 1971. Baba yake, Mkikuyu, alikuwa mkurugenzi mkuu wa Bodi ya Pareto, iliyokuwa na kiwanda chake pale pale Nakuru, enzi ambazo pareto ya Kenya ilitawala soko la dunia. Mama yake alitoka Uganda, akawa na saluni ya nywele mjini, na jina la Binyavanga lilitoka kwa babu wa upande huo wa mama. Kijana akapelekwa Afrika Kusini kusomea biashara katika Chuo Kikuu cha Transkei. Biashara haikumkaa kichwani. Akapika, akaandika habari za vyakula, na mwaka wa 2002 akashinda Tuzo ya Caine ya hadithi za Kiafrika. Mwaka uliofuata jarida la Kwani? lilitoka Nairobi, yeye akiwa mwanzilishi, nalo likawapa vijana wengi mahali pa kuandika. Baadaye aliongoza kituo chenye jina la Chinua Achebe katika Chuo cha Bard, Marekani.

Basi 2014 ilipofika, ni nani angemfukuza kazi? Kalamu ilikuwa yake. Wasomaji wake walikuwa Lagos, London na New York. Hakuwa na meneja wa kumtilia sahihi karatasi ya likizo, wala nyumba ya kampuni ya kuhamishwa. Tusimnyime ushujaa wake, maana mwezi ule ule Rais Goodluck Jonathan wa Nigeria alikuwa ametia sahihi sheria kali dhidi ya watu kama yeye, na Binyavanga alikuwa na rafiki wengi huko. Hata hivyo, mtu huyu alikaa kimya mpaka jina lake lilipokuwa limekomaa na wazazi wake wote wawili wamekwisha fariki. Katika maandishi yake ya siku ile anamwambia mama yake siri hiyo, mama akiwa kitandani hospitalini. Kisha anakiri kwamba mambo hayakuwa hivyo. Mama alipofariki mwaka wa 2000, mwana alikuwa Afrika Kusini, na hakuwahi kumwambia. Mwandishi aliyeweza kuuambia ulimwengu hakuweza kumwambia mamaye.

Sasa tutoke Nakuru mjini, tushuke barabara ya Nairobi kilomita 70 hivi mpaka Naivasha, ambako mashamba ya maua yamelizunguka ziwa. Huko maelfu kwa maelfu ya vijana, wanaume kwa wanawake, hukata waridi na kulifunga kwa ajili ya Ulaya. Wengine ni vibarua wa msimu. Wako wanaolala katika nyumba za kampuni, chumba kimoja watu kadhaa, choo na bomba ni vya wote. Msimamizi ndiye asemaye nani aandikwe tena msimu ukirudi, wala hadaiwi sababu. Mahali kama hapo mnong'ono mmoja tu kwenye foleni ya chakula watosha.

Sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa rangi, jinsia, dini, ulemavu, mimba, hali ya ndoa, hata kwa kuwa na virusi vya Ukimwi. Jambo letu halikutajwa. Kwa upande mwingine, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 162, ina kifungo cha miaka 14. Kweli, sheria hiyo yaadhibu tendo, haimwadhibu mtu kwa kuwa alivyo; lakini mwambie hayo msimamizi wa shamba uone atakavyokucheka.

Ajabu ni kwamba ulinzi upo, ila umetoka mbali. Maduka makubwa ya Uingereza yaliyojiunga na Ethical Trading Initiative yana kanuni zao za kazi, na kanuni hizo humtaka muuzaji wa maua, awe Naivasha au kwingineko, asimfukuze wala asimpunje mtu kwa sababu ya nani ampendaye. Imeandikwa waziwazi, pamoja na dini, umri na chama cha wafanyakazi. Lakini kijana aliyefukuzwa atalalamikaje? Ili adai haki hiyo, hana budi kwanza kusema yeye ni nani, na kulisema ndiko kunakompokonya chumba, marafiki, na pengine baraka za wazee nyumbani. Akinyamaza, nako ana hasara: mwenzake aliyeshika siri yake aweza kumdai fedha kila mwisho wa mwezi.

Binyavanga alitangaza jambo la pili tarehe 1 Desemba, 2016, Siku ya Ukimwi Duniani: kwamba anaishi na virusi. Laiti angekuwa kibarua wa Naivasha, tangazo hilo la pili lingekingwa na sheria ya nchi, na lile la kwanza lingebaki nje kwenye mvua.

Alifariki Nairobi tarehe 21 Mei, 2019. Siku tatu baadaye majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua vifungu vile vya adhabu vibaki kama vilivyo. Kisha, tarehe 24 Februari, 2023, Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ilisema Serikali ilikosea kukataa kuandikisha jumuiya ya kutetea watu hawa, na kwamba neno jinsia katika kifungu cha 27 cha Katiba linagusa hata mwelekeo wa mapenzi ya mtu. Vifungu vya adhabu havikuguswa, ingawa wengi walilipokea hivyo na kukawa na makelele, Mombasa hasa.

Neno hilo hilo, jinsia, limo pia katika Sheria ya Ajira. Wakili hodari aweza kulishika akaenda nalo kwenye mahakama ya kazi pale Nakuru. Lakini mteja wake itambidi aweke jina lake juu ya karatasi, na asubuhi yake magari ya kampuni yatapita kuchukua watu kama kawaida, kila mmoja amekwisha sikia.