Mtoto Amenenepa Shuleni: Tufurahi au Tuogope?

Mwezi huu nimeombwa kujaza ukurasa huu wa familia. Mimi si mwalimu wala muuguzi. Ni mama wa watoto watano hapa Rwamwanja, na ninachoandika ni jambo lililopita nyumbani mwangu. Nimemwomba ruhusa binti yangu kabla ya kuandika, naye akasema: "Andika, Mama, lakini usiweke jina langu." Basi jina lake silitaji, wala la shule yake.

Tulivuka mpaka wa Bunagana mwaka 2012, yeye akiwa na miaka miwili, nimembeba mgongoni. Wengi wenu mlipita njia ile ile, mkalala Nyakabande, mkaletwa hapa na malori. Mwanzoni mwa 2024 alipata nafasi ya kusoma shule ya bweni upande wa Fort Portal. Tulishukuru Mungu. Baba yake aliuza mahindi ya msimu mzima kununua godoro, sanduku na sare.

Alivyorudi mwezi wa tano

Likizo za kwanza alirudi vizuri tu. Lakini mwezi wa tano 2025, alipomaliza muhula wa kwanza wa S2, nilimwona akishuka kwenye boda na moyo ukashtuka. Mashavu yamejaa, mikono imejaa, na sketi ya shule ameifunga kwa pini kwa sababu kifungo hakifiki.

Baba yake alicheka kwa furaha. Kwetu mtu akinenepa tunasema amepata amani, na mwenye kukonda tunamwonea huruma. Jirani mmoja akaniambia: "Weye uko na bahati, batoto ba bengine banakonda ku shule, wako ananenepa." Nikacheka naye.

Lakini siku ya tatu, kwenye bomba la maji, nikasikia maneno mengine. Wanawake wawili walikuwa wanasema chini chini: "Ule mutoto hakunenepa bure. Angalia vizuri, iko na mimba."

Usiku ule sikulala. Na asubuhi nilifanya kosa ambalo leo nalijutia. Sikumuuliza mtoto chochote. Nilimwambia twende sokoni, kumbe nampeleka duka la dawa, nikanunua kipimo cha mkojo na kumwambia aingie chooni. Alinitazama kwa muda mrefu. Akaenda, akarudi, akanipa kile kipimo bila neno. Hakuna mimba. Mimi nikapumua, nikaona mambo yamekwisha. Kwake yeye ndiyo yalikuwa yanaanza.

Simu ya matroni

Alirudi shule mwishoni mwa mwezi. Mwezi wa saba matroni akanipigia simu: binti ameanguka kwenye masomo ya usiku. Nilipofika nilimkuta amelala kitandani, midomo imekauka. Rafiki yake ndiye aliyenieleza: kwa wiki tatu alikuwa hali chakula cha mchana, anampa mwenzake sahani yake, na usiku anakunywa maji tu. Alitaka kupungua kabla ya kurudi nyumbani, ili watu wa bomba wasimwangalie tena tumbo.

Alikuwa amesikia, kumbe. Watoto wanasikia yote.

Nilipewa ruhusa nikamrudisha nyumbani siku chache. Mama wa VHT wa mtaa wetu akatusindikiza kituo cha afya. Hapo ndipo nilipojifunza mengi ambayo nataka niwagawie.

Tulichoambiwa kituoni

Daktari kwanza hakuongea juu ya unene. Alimpima urefu, kisha uzito, kisha akaomba karatasi ya afya tuliyojaza siku ya kuingia shule. Mwanzoni mwa 2024 alikuwa na sentimeta 154 na kilo 50. Sasa alikuwa na sentimeta 158 na kilo 61.

"Mama," akasema, "mtoto wa umri huu lazima aongeze kilo. Akiacha kuongeza, hapo ndipo ningeshtuka." Akaeleza kwamba wasichana wengi hukua kwa kasi kati ya miaka 10 na 14, na wavulana kati ya 12 na 16. Msichana anapovunja ungo, mwili unaweka mafuta kwenye nyonga, mapaja na kifua. Hayo si maradhi. Ndivyo mwanamke anavyoumbwa.

Pia alitukataza kutumia ile hesabu ya watu wazima ya uzito na urefu. Vijana chini ya miaka 19 wana chati yao ya Shirika la Afya Duniani, inayoangalia umri, na kama ni msichana au mvulana. Kwenye chati ile binti yangu alikuwa amepita kidogo mstari wa uzito wa kawaida, bado yuko mbali na mstari wa unene wa hatari. Akasema: "Hatutaki ashuke haraka. Tunataka asimame hapo, mwili utulie."

Kisha akakagua mambo mengine, moja moja, na haya kila mzazi ayajue:

- Alimbonyeza mguu juu ya kifundo kwa kidole gumba, sekunde chache. Pakibaki shimo, huo ni uvimbe wa maji, si mafuta. Figo, moyo au kukosa chakula cha kujenga mwili vinaweza kuleta hivyo. Uso kuvimba asubuhi na mkojo wenye povu pia ni dalili za figo.
- Aliuliza kuhusu hedhi. Ikikatika, sababu inaweza kuwa mimba, lakini pia homoni, msongo wa mawazo, au kujinyima chakula.
- Alitazama shingo kwa nyuma. Ngozi ikiwa nyeusi na nene pale, kama uchafu usiotoka kwa sabuni, ni ishara kwamba mwili unaanza kushindwa na sukari.
- Aliuliza kama anakunywa maji sana na kukojoa mara nyingi, usiku pia. Hiyo inaweza kuwa kisukari, na mtoto apimwe siku hiyo hiyo.
- Aliuliza dawa. Sindano ya uzazi wa mpango inaweza kuongeza kilo kwa baadhi ya wasichana. Na vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa sokoni, vingine ni dexamethasone. Vinajaza uso na tumbo, vinapandisha sukari, vinapunguza nguvu ya mwili kupambana na magonjwa. Kama mtoto amevitumia kwa muda, asiviache ghafla peke yake, aje kwanza kwa daktari.

Binti yangu hakuwa na hata kimoja. Ndipo daktari akaniomba nitoke nje kidogo, akaongea naye. Baadaye binti mwenyewe akanieleza waliyozungumza, tukiwa tumekaa chini ya mwembe.

Kwa nini alikuwa anakula hivyo

Mnakumbuka mwezi wa saba 2023, PAM walipoanza kugawa familia kwa makundi matatu, na kundi la tatu likaachwa bila kitu? Sisi tuliwekwa kundi la katikati. Mgao ulipungua, na kuna miezi tulikula mara moja kwa siku. Yeye alikuwa na miaka 13 na ndiye aliyekuwa anawagawia wadogo zake. Mara nyingi alisema ameshiba, kumbe hajala.

Alipofika bweni akakuta posho na maharagwe mchana, posho na maharagwe jioni, kila siku bila kukosa. Akaniambia: "Mama, nikiona sahani imejaa nafikiri kesho hakutakuwa. Namaliza yangu, namaliza na ya wenzangu walioacha. Nikiacha chakula naona ni dhambi, kwa sababu nyumbani hamjala."

Nililia, sina aibu kusema.

Halafu kulikuwa na kantini. Shangazi yake aliye Marekani alikuwa anamtumia pesa kupitia simu ya matroni, sisi hatujui. Kila jioni mandazi na soda. Hakuwa anakula peke yake. Alikuwa anawanunulia wenzake, maana siku za kwanza walimwita "mkimbizi", na alipoanza kununua mandazi wakaacha. Kumbe ile soda ilikuwa kodi ya kupata marafiki.

Na soda si maji. Chupa moja ya mililita 300 ina sukari karibu vijiko vidogo 8. Ongeza mandazi ya mafuta, ongeza uji wenye sukari asubuhi, na mboga za majani mara chache. Hapa nyumbani alikuwa anachota maji, anaenda shambani, anatembea hadi shule. Kule anakaa darasani kutoka alfajiri hadi usiku. Wanaamshwa mapema mno na kulala kwa kuchelewa, wakati kijana wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Asiyelala vizuri njaa yake huongezeka, na anatamani vitu vitamu zaidi.

Nilipompigia shangazi simu, nilitaka kumgombeza. Akanyamaza, kisha akasema: "Wifi, mimi mwenyewe mwaka wa kwanza hapa nilikula kama mtu anayelipiza njaa. Leo nina kisukari, nachoma sindano." Hatukugombana tena.

Tulichobadilisha

Hatukumpa mtoto mlo wa adhabu. Daktari alikataa kabisa kufunga kula, vidonge vya kupunguza mwili, na dawa za kuharisha. Kijana anayejinyima hukosa nguvu za kukua na kusoma, na mara nyingi njaa humrudisha ale kuliko mwanzo.

Tulikubaliana haya. Anakula milo yote ya shule. Maharagwe ajaze, posho apunguze kidogo, asimalizie sahani za wengine. Soda ni Jumapili tu, siku nyingine maji. Shangazi sasa anatuma pesa kidogo kwetu, nasi tunampa nauli, sabuni, pedi, na karanga za kukaanga. Siku ya wazazi napeleka lengalenga, sombe na ndizi, sipeleki tena ndoo ya mandazi. Mwalimu mmoja alimwingiza kwenye timu ya netiboli. Wataalamu wanasema vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Mpira, kuruka kamba, kucheza ngoma, hata kutembea haraka kuzunguka uwanja, vyote ni sawa.

Na mimi nilimwomba msamaha kwa lile jambo la duka la dawa. Kwetu mzazi kumwomba mtoto msamaha si kawaida, baba yake alishangaa. Lakini ningefanyaje? Nilimpima kabla ya kumuuliza.

Nilienda pia bombani. Wale wanawake niliwaambia kwa upole: "Mukiona kitu kwa mutoto wangu, mukuye kwangu, musikiseme ku bomba." Mmoja aliomba radhi. Mwingine hatusalimiani sana hadi leo.

Kwa mzazi mwenzangu

Mwezi wa kumi na mbili tulimpima tena. Sentimeta 159, kilo 60. Kilo moja tu, mtasema. Lakini kifungo cha sketi sasa kinafika, tulikilegeza kidogo, na haanguki tena. Hata sasa akiona mwenzake ameacha chakula, mkono unataka kwenda. Anasema anahesabu hadi kumi, kisha anaosha sahani yake.

Kwa hiyo mtoto wako akirudi likizo amenenepa, mvulana au msichana, fanya hivi:

1. Mkaribishe kwanza. Usimwambie neno juu ya mwili wake mlangoni, mbele ya watu. Usimpe jina la utani.
2. Muulize maisha ya shule: analala saa ngapi, anacheza nini, marafiki ni nani, kantini kunauzwa nini. Sikiliza kuliko kusema.
3. Mpeleke kituo cha afya apimwe urefu na uzito pamoja. Kilo bila urefu hazikuambii kitu.
4. Ukiona uvimbe, kiu nyingi, kuchoka sana, kupumua kwa shida au hedhi kukatika, usingoje likizo iishe.
5. Mkipanga chakula, pangeni kwa nyumba nzima. Msimtenge yeye peke yake na sahani ndogo.
6. Kama mna hofu ya mimba, zungumzeni naye kwanza, peke yenu, kwa heshima. Akiwa nayo atahitaji mama. Kama hana, bado atahitaji mama.

Tumewavusha watoto hawa mipaka tukiogopa njaa. Hatukujua kwamba njaa nyingine inaweza kubaki ndani ya mtoto hata sahani ikijaa. Tuwaulize. Na mwenye swali amwone mama wa VHT wa mtaa wake, kupima ni bure.

Mbaki na amani, hadi mwezi ujao.