Bodi Mbili na Ujanja wa Kulikwepa Wimbi

Aliyewahi kuvuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja wakati wa kusi anaijua mifuko ya kutapikia. Juma lililopita niliuomba wangu. Mzee aliyeketi kando yangu akaniuliza, "Mwanangu, boti hii ina bodi mbili. Si walisema haziyumbi?"

Bodi mbili zilizoachana huizuia boti isilale ubavu kwa urahisi. Lakini zote mbili zinaelea usoni mwa maji. Wimbi likija huziinua, likipita huziangusha, na tumbo la abiria hufuata.

Nguvu ya wimbi iko juu. Kadiri unavyoshuka, hupungua. Kwa hiyo Frederick Creed, Mkanada, alitoa wazo mwaka 1938, akapata hati ya ubunifu Uingereza mwaka 1946: bodi mbili zizame chini kama nyambizi, na sitaha ibebwe juu yake kwa kuta nyembamba. Wimbi likifika linakuta kuta hizo tu, halina pa kuinulia. Mwaka 1973 Wamarekani walizindua meli ya namna hiyo, Kaimalino, yenye tani zipatazo 200, wakaijaribu Hawaii. Leo marubani wanaoongoza meli kuingia mto Elbe, Ujerumani, hutumia vyombo vya aina hiyo.

Mbona basi hatuvioni hapa? Ni ghali, vinahitaji kina kirefu, na vina udhaifu mmoja mkubwa. Elea sufuria majini, weka jiwe ndani: inashuka kidogo. Fanya hivyo kwa chupa nyembamba iliyosimama: inazama sana. Ndivyo ilivyo kwa meli hiyo. Wembamba uleule unaoikwepesha wimbi unaifanya isivumilie mzigo wa ziada.

Hapo ndipo penye somo letu. Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na gati la Ukara, Ziwa Victoria. Iliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa pekee walizidi 200. Haikuwa dhoruba, ilikuwa shehena kupita kiasi.

Nilimjibu mzee wangu hivi: fundi anaweza kutupunguzia kichefuchefu, lakini kuhesabu abiria kabla ya kung'oa nanga ni kazi ya watu wa gatini.