Misaada ya Uingereza Yapunguzwa: Jambo Hili Linatuhusu

Februari 2025, Waziri Mkuu Keir Starmer alitangaza kuwa ifikapo 2027 misaada ya Uingereza kwa nchi maskini itashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3, ili fedha zipatikane za ulinzi. Siku chache baadaye, Waziri wa Maendeleo, Anneliese Dodds, alijiuzulu.

Lengo la nchi tajiri kutoa misaada ya asilimia 0.7 ya pato la taifa lilipitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1970. Uingereza ililifikia 2013, na 2015 Bunge likaliwekea sheria. Mwaka 2021, kwa hoja ya gharama za Korona, serikali ikashuka hadi 0.5. Kwa hiyo, penye peni 70 katika kila pauni 100 za pato la taifa, zitabaki 30.

Hata hizo hazivuki mpaka zote. Mwaka 2023 misaada ilikuwa takriban pauni bilioni 15.3, na bilioni 4.3 kati ya hizo zilitumika humu humu Uingereza kuwahudumia wakimbizi na waomba hifadhi, zikiwemo gharama za hoteli. Kanuni za kimataifa zinaruhusu gharama za mwaka wa kwanza zihesabiwe hivyo. Waomba hifadhi hawana kosa, na wanastahili kutunzwa. Lakini si haki watunzwe kwa fungu la maskini walioko mbali.

Fungu hilo likifika, linafanya kazi. Kaskazini mwa Kenya, katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, Uingereza ilisaidia kuanzisha mpango wa kuzipa kaya maskini fedha taslimu kila baada ya miezi miwili. Mama anakwenda kwa wakala dukani na kadi yake, anatoa fedha, kisha anaamua mwenyewe: unga, dawa au sare ya mtoto. Baadaye serikali ya Kenya ikaanza kuzilipia kaya hizo kutoka bajeti yake.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaoishi Uingereza hutuma fedha nyumbani kila mwezi, lakini hazitoshi kuendesha chanjo za wilaya nzima. Hata hivyo, tuna sauti. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda wanaoishi Uingereza kihalali, kwa kuwa ni wa Jumuiya ya Madola, wanaweza kupiga kura katika uchaguzi wa Bunge. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi nao wana haki ya kumwandikia mbunge wa eneo lao. Jiandikishe kupiga kura ikiwa unaruhusiwa, kisha mwandikie mbunge wako umuulize: asilimia 0.7 itarudi lini?