Sikufuta Nyimbo za Baba

Jumapili iliyopita dada yangu mkubwa alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne kwenye kundi la familia. Hakuanza hata na salamu. "Mdogo wangu, nyimbo za baba umezipeleka wapi?" Alikuwa amefungua folda yetu ya mtandaoni, ambayo mimi ndiye mtunzaji wake, akakuta idadi imeshuka kutoka 9,412 hadi 6,038. Kabla sijashika simu, binamu wawili walishatoa hukumu: ukikaa sana Ulaya unazoea kutupa vitu, mwishowe unatupa hata urithi. Neno hilo limenichoma. Najibu hapa kwa kirefu kwa sababu kule kwenye kundi jibu langu lingefukiwa na salamu za asubuhi, na najua wengi wenu mna folda kama ile yetu.

Nilichofuta ni marudio. "Neema" ya bendi ya Mlimani Park, yaani Sikinde, ilikuwemo mara sita. Moja niliinakili mwenyewe kutoka CD. Nyingine ilikuja na flashi ya shemeji. Ya tatu ilipita WhatsApp, ikavuliwa jina lake na kuvishwa la AUD na tarakimu na WA0011, hata ukiitazama hujui ni Sikinde au mahubiri. Mbili zilizaliwa ndani ya kompyuta yangu, kwa sababu baadhi ya programu za kucheza muziki huwa zimewekwa zinakili kila wimbo unaozionyesha na kuupeleka kwenye folda zake. Ukichomeka flashi mara mbili, umezaa nyimbo mara mbili. Mpangilio huo nimeuzima, nanyi uzimeni leo hii kabla ya kuendelea kusoma. Ya sita nitaifikia.

Majina nayo yana mambo yake. Kila faili ya MP3 hubeba lebo ndogo yenye jina la wimbo, msanii na albamu. Lebo ya kwanza kabisa, iliyobuniwa mwaka 1996, ilikuwa na baiti 128 tu mwishoni mwa faili, na jina la msanii lilipewa herufi 30, nafasi za katikati zikiwemo. Sasa andika International Orchestra Safari Sound. Ukifika kwenye Safari, 30 zimekwisha. Kwenye folda yetu bendi hiyo ilikuwa bendi mbili, moja yenye "Sound" na moja isiyo nayo, na kila moja ina nyimbo zilezile. Msondo ndio usiseme: bendi iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, ikawa Juwata, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma, na kila aliyenakili aliandika jina alilolizoea yeye. Kompyuta itajuaje kwamba hao wote ni watu wa nyumba moja?

Kwa hiyo kutafuta marudio kwa jina peke yake hakutoshi, na kuna hatari pia. Kwa jina peke yake "Malaika" ya Fadhili William, ya Miriam Makeba na ya Boney M. zinahesabiwa kitu kimoja. Hapa Nuremberg mfanyakazi mwenzangu anaijua hiyo ya Boney M. tu, ya mwaka 1981, na aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba ndiyo ya asili. Wimbo mmoja ukiimbwa na watu watatu, hizo ni rekodi tatu, na hakuna hata moja iliyo nakala ya mwenzake. Dada, hizo zote zipo.

Nilianza na zilizo pacha kabisa. Kuna programu za bure ambazo hupiga hesabu ya kila baiti ya faili na kutoa namba moja ndefu. Namba zikilingana, faili ni ileile, futa bila wasiwasi. Lakini ukibadilisha herufi moja kwenye lebo, namba inabadilika yote, ndiyo maana hatua hiyo ilinipunguzia mia chache tu. Baadaye nikatumia MusicBrainz Picard, ambayo nayo ni ya bure. Yenyewe haitegemei jina. Inasikiliza mwanzo wa wimbo na kuchora alama yake, kama alama ya kidole, kisha unaona ni zipi zinafanana. Hapo ndipo maelfu yalipojitokeza.

Kisha inabidi uchague ya kubaki, na hapa wengi hukosea kwa kupenda faili kubwa. MP3 ilitengenezwa Erlangen, kwenye taasisi ya Fraunhofer, mwendo mfupi wa treni kutoka kwetu, na ufundi wake ni kuacha sauti ambazo sikio halitazitambua. Wimbo wa dakika 7 kwa kilobiti 128 kwa sekunde unachukua karibu megabaiti 6.7, kwa kilobiti 320 ni 16.8. Lakini mtu akichukua ile ndogo na kuigeuza iwe ya 320, uzito unaongezeka na kilichokwisha kutupwa hakirudi. Nilivaa spika za masikioni, binti yangu akavaa zake, tukasikiliza "Neema" ya shemeji na ile ya CD. Kwenye ile kubwa ya shemeji matoazi yalikuwa yanachuruzika kama maji kwenye bati. Ile ya CD, iliyo ndogo kuliko hiyo, ilikuwa safi. Tukabaki na ya CD.

Mtaniuliza kwa nini niliachia folda ikafika huko. Kwa sababu naishi Ujerumani. Nyumbani Tanga faili ikipotea unakwenda kwenye kibanda cha muziki, kijana anakujazia flashi huku anakuuliza wataka dansi au taarabu. Hapa kuna barua inayoitwa Abmahnung. Ukipakua wimbo kwa programu za kugawana faili, programu hiyohiyo inautoa kwako kuwapa wengine. Mwenye haki ananasa anwani yako ya intaneti, mahakama inairuhusu kampuni ya intaneti kutaja jina, na siku moja sandukuni unakuta bahasha ya wakili: saini ahadi ya kutorudia, lipa gharama, una siku kadhaa. Tena barua haimfuati aliyebofya. Inamfuata aliyesaini mkataba wa intaneti. Jirani yangu wa ghorofa ya pili aliipata kwa ajili ya mgeni aliyelala kwake usiku mbili.

Na huku sheria yao ya hakimiliki, kifungu cha 53, inakuruhusu kujinakilia kwa matumizi yako binafsi, mradi chanzo kisiwe haramu waziwazi. Ruhusa hiyo tunailipia: kwenye bei ya flashi, simu na kompyuta kuna tozo inayokwenda kwa wenye haki. Nalipa tozo na bado naogopa kubofya. Ndiyo maana kwa miaka kumi na minne kila nakala iliyofika salama kutoka nyumbani niliiweka, hata kama ninayo. Niliona heri kurudia kuliko kukosa.

Watoto ndio walionitia hofu zaidi. Mwaka 2012, tarehe 15 Novemba, Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kesi ya wazazi ambao mtoto wao wa miaka 13 alikutwa akitoa faili 1,147 za sauti. Wazazi hawakuwajibishwa, kwa kuwa walikuwa wamemfundisha kwamba kugawana hivyo ni marufuku. Basi binti yangu alipotimiza miaka tisa nilimkalisha jikoni nikamfundisha. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza kama babu naye aliruhusiwa kurekodi redio. Nilikosa jibu siku ile. Sasa ana 13, anacheza muziki wake wote kwa kulipia kila mwezi, wala hajui folda ni nini, lakini siku tatu hizi amekaa nami sakafuni kusikiliza dansi ya kabla sijazaliwa. Mdogo wake, wa miaka minane, alipewa kazi ya kusoma majina kwa sauti. "Juwata" analitamka kwa lafudhi ya Kijerumani, simsahihishi.

Mdogo huyo ndiye aliyeisimamisha "Neema" ile ya sita. Kipimo cha alama kilikuwa kimeiweka kundi moja na ile ya CD, na kwa ubora ilikuwa ya mwisho: sauti ya mbali, mvumo, kaseti inayoyumba. Nilishaweka mkono ili niifute. "Mama, kuna mtu anaongea." Tukairudisha nyuma. Ni ile ambayo baba aliirekodi kwa kuweka kipaza sauti mbele ya redio ya sebuleni. Kwenye sekunde ya 41 mlango unalia, kisha mtoto wa kike anaita, "Baba, chai imeiva!" na baba anamnyamazisha kwa sauti ya chini.

Dada, mtoto huyo ni wewe. Faili ipo kwenye folda mpya iitwayo Kaseti za Baba, pamoja na nyingine 63, na hizo hazipitishwi kwenye programu yoyote. Mwanao mdogo wa Nuremberg amekuwa akiicheza tangu jana, na amejifunza kuita chai kama wewe.